Kumfikisha Babu Chanika Bila Sigara

Tulianza Jumamosi saa moja na dakika ishirini asubuhi, nyuma ya nyumba yetu Mwananyamala, mie na Babu juu ya guta la injini, lile la mizigo la matairi matatu, katikati yetu kitanda cha mtoto kimefunikwa khanga mbili za Bibi. Tulifika Chanika saa kumi na moja jioni. Najua mtasema. Saumu ameshasema kwenye grupu la darasa kwamba Chanika nayo si safari ya kusimulia, mtu anaenda na kurudi bando halijaisha. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu msiniulize tena mapumziko mbele za watu, maana mnajua mie kuongea mbele za watu siwezi.

Kwanza mjue ishu yenyewe. Mama mdogo wangu, Rehema, alijifungua mtoto njiti. Mungu akasaidia, wakaruhusiwa kurudi nyumbani, na arobaini ya mtoto ikawa inaangukia Jumapili. Kwetu siku hiyo babu mzaa mama ndiye anayembeba mtoto kumtoa nje mara ya kwanza. Lakini muuguzi alikuwa amemwambia mama mdogo kwamba mapafu ya yule mtoto hayataki moshi, hata ule unaobaki kwenye nguo. Na Babu amevuta sigara tangu yuko kijana Newala. Mama mdogo akapiga simu, analia, akasema kama Baba bado anavuta basi mtoto atatolewa nje na baba mkwe wake. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Alipokata simu akachomoa pakiti mfukoni akampa Bibi mkononi, akaenda kuoga.

Siku ya nne aliteleza. Moja tu, na alikuja mwenyewe kumwambia Bibi, akaanza kuhesabu upya. Jumamosi hiyo ya safari ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Mwananyamala mpaka Ilala

Babu ni mchongaji. Kazi yake vinyago vya mpingo, lakini kwa ajili ya mjukuu alitengeneza kitanda cha mninga, na nataka mjue kile kitanda kilikuwaje. Kila hamu ya sigara ilipomjia alichukua msasa akasugua. Tukila, anaacha sahani anasugua. Anatoka msikitini, hajavua kofia, anasugua. Bibi alisema huyo mtoto atateleza aanguke upande wa pili. Ukipitisha mkono hujui mbao inaanzia wapi na hewa inaishia wapi.

Bibi alinivuta jikoni kabla hatujaondoka. Bibi huniita mkwe, kwa sababu mie nimepewa jina la mama yake Babu, Sikudhani, na Babu mwenyewe tangu nazaliwa ananiita mama. Mie huitika tu abee, naangalia chini. Bibi akaniambia nisimwache Babu hata dakika moja. Nikamuuliza kwa nini asiende na mjomba. Akasema:

"Mjomba wako atamkataza, watagombana. Wewe huna haja ya kumkataza. Hajawahi kuvuta mbele ya mama yake, na mbele yako je, umeshamwona?"

Nikafikiria. Kweli, sijawahi. Nilichokuwa naona miaka yote ni Babu akizima sigara haraka mie nikitokea, anaikanyaga, anageuza uso. Mie nilijua namkera. Nilikuwaga napita uani mbio ili nisimharibie starehe yake. Kumbe alikuwa ananistahi, mie mtoto wa kidato cha tatu, kama alivyomstahi marehemu mama yake. Nilipanda guta kichwa kimejaa hilo neno.

Dereva ni kijana anaitwa Braza Kassimu, mcheshi, koti la jinzi, na pakiti ya sigara kwenye mfuko wa kifuani, juu kabisa, inachungulia. Bibi alimtafuta kwa sababu ana bei nzuri, pakiti hakuiona. Mie niliiona, Babu pia aliiona.

Kinondoni yote nilijifunika khanga usoni. Kwenye taa tulizosimama, wauza maji na wauza leso wakatuzunguka, mmoja akauliza bibi harusi tunampeleka wapi na mbona kitanda kidogo. Mwingine akamwambia Babu, mzee wangu, hapo miguu itabaki nje. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia yule kijana alale yeye kwanza tuone kama anaenea. Mie nilitamani guta linimeze.

Ilala tulisimama kujaza upepo tairi la nyuma, foleni kubwa, na pembeni kulikuwa na kijiwe cha kahawa. Wazee watano, sigara tano. Braza Kassimu akawasha ya sita, na kwa ukarimu wake wote akamnyooshea Babu pakiti.

Babu aliitazama. Akaweka mkono kifuani, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba, akasema asante, mie nimeacha. Braza Kassimu aliona haya, akaizima ya kwake hapo hapo, akaapa hatavuta tena mpaka tufike. Babu akaagiza kahawa na kashata. Aliinywa amewapa mgongo wale wazee, amesimama, anatafuna karafuu za kuzuia hamu. Vidole vyake viwili, vile vyenye rangi ya njano, vilikuwa vinacheza vyenyewe.

Nilijikaza nikamuuliza inakuwaje. Nafikiri hilo lilikuwa swali langu la kwanza kwake maisha yangu yote, ukiacha shikamoo na umeamkaje. Akafikiri kidogo.

"Ni mtu anabisha hodi, mama. Usipomfungulia anasimama, anasimama, mwisho anaondoka. Tabu yake tu nyumba anaijua."

Ilala mpaka Gongo la Mboto

Hapa pote ni barabara na malori, sina la kusema, isipokuwa mama wa mihogo.

Tulikuwa tumepita Kipawa, njaa inauma, Braza Kassimu akaegesha mahali panapokaangwa mihogo. Mpaka hapo Babu alikuwa ametafuna karafuu nyingi sana tangu asubuhi, mfuko mzima aliopewa na Bibi ulibaki chini ya nusu. Nyie mnajua karafuu inavyotia ganzi. Akashuka, akaagiza mihogo, ulimi haumtii. Maneno yalitoka yamelala upande. Mkono mmoja umeshika kipande cha mpingo alichobeba asugue njiani, mwingine msasa, anasugua huku mikono inatetemeka, na jasho linamtoka.

Yule mama alikuwa mnene, mkarimu wa sura, lafudhi ya bara. Akamtazama Babu kuanzia kofia mpaka kandambili. Akanivuta pembeni nyuma ya karai, akaniuliza kwa upole huyo mzee ni nani wangu. Nikasema babu. Akauliza anakunywa gongo tangu lini. Mie nikashtuka, nikasema hanywi kabisa. Akatikisa kichwa, akasema binti, usimfiche, mimi mwenyewe nilikuwa na mume wa hivyo, na akaanza kuniombea pale pale, mkono wake umenishika kichwani, una mafuta. Wateja wamesimama. Nilitaka kusema ni karafuu, nikasema tu "ni ka", nikaishia hapo.

Babu akaja kuangalia nachelewa nini. Alipojua, akakaa kwenye benchi akacheka kwa ule ulimi wake wa ganzi, ikawa kama mlevi kweli. Mwisho akatoa karafuu akawapa yule mama na wateja mmoja mmoja, akawaambia watafune kumi kumi kisha wajitambulishe majina. Wakafanya. Nawaambia, watu wazima sita wamesimama barabarani hakuna anayeweza kusema jina lake. Yule mama alicheka machozi yakamtoka, akatuongezea kachumbari na pilipili, akamwambia Babu marehemu mume wake alijaribu kuacha pombe mara nne. Babu hakumuuliza ya tano iliishia wapi. Akamshukuru tu kwa mihogo, akamwita dada.

Pugu

Gongo la Mboto tumeipita vizuri, tumeanza kuona miti ya Pugu, kilima kinaanza, guta likapiga kelele likasimama. Cheni imekatika. Braza Kassimu akaihangaikia nusu saa, akashindwa, akasema anarudi Gongo la Mboto kutafuta nyingine. Jua lilikuwa kali, saa saba hiyo. Akavua koti akalitupa kwenye kiti, akapanda bodaboda akaondoka.

Koti likabaki pale na pakiti inachungulia.

Tulikaa kwenye kivuli kidogo cha guta. Mwanzoni Babu alisugua mpingo. Kisha msasa ukaisha makali. Karafuu akaweka mdomoni, akatema. Akasimama, akazunguka guta, akakaa. Akafungua khanga akaangalia kitanda, akafunika. Magari yanapita, kila likipita linaacha vumbi, na Braza Kassimu harudi. Saa nzima ikapita. Shati la Babu chini ya kanzu lilikuwa limelowa, na ilikuwa si joto tu, maana mie nilikuwa kwenye joto lile lile.

Halafu akasema, haniangalii:

"Mama. Nenda kamwangalie huyo kijana amefikia wapi."

Gongo la Mboto ilikuwa mbali, mtu hawezi kwenda kwa miguu kumwangalia mtu aliyepanda bodaboda. Hata hivyo niliitika abee na nikasimama. Nimelelewa hivyo, mtu mzima akikutuma unaenda. Nikajikung'uta vumbi. Nimepiga hatua tatu au nne, nikageuka, nikaona macho yake yako kwenye koti.

Mtoto wa watu ana arobaini kesho. Siku kumi na tisa. Nilisimama pale moyo unagonga mpaka masikioni, nyie hamtaamini, hata darasani nikiitwa ubaoni haugongi vile.

"Siendi," nikasema.

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Akainua uso. Nikaona nimekosa adabu, na nikaona pia kwamba Sikudhani mjukuu hana nguvu ya kutosha kwa jambo hili. Nikasema tena:

"Siendi popote, mwanangu."

Babu alinitazama. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi kumpiga mtu. Midomo yake ikawa inataka kucheka na inataka kulia, haikuchagua. Akainuka, akalichukua lile koti kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akalitandika juu ya jiwe.

"Kaa hapo, mama," akasema. "Na usiinuke hata nikikuomba."

Nikalikalia koti. Nikakaa karibu saa mbili. Aliniomba mara moja, nikatikisa kichwa, akasema sawa. Miguu ikafa ganzi, sikuinuka. Akaanza kuongea ili muda uende, na mie sijawahi kumsikia akiongea vile. Akanisimulia mama yake, yule mwenye jina langu. Babu ujanani alikuwa anajificha kwenye mikorosho kuvuta, kisha anajisugua mikono kwa majani ya mkorosho arudi nyumbani. Mama yake hakusema kitu miaka yote, isipokuwa kila jioni alikuwa anawaambia wageni kwamba mwanawe ni mvivu wa shamba hajapata kuonekana, lakini mikono yake inanuka majani kuliko ya mkulima yeyote. Babu alisema hakujua mpaka ameshaoa kwamba alikuwa anazisema sigara zake. Tukacheka. Katikati ya kicheko Babu akashika magoti, akafumba macho. Nilijua yule mtu yuko mlangoni. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka akafumbua macho.

Mie nimewahi kusoma mashujaa kwenye historia, nimefanya na mtihani. Nataka kusema tu kwamba nimemwona mtu amekaa chini, hafanyi chochote, na sijawahi kuona mtu anafanya kazi ngumu kama ile.

Braza Kassimu alirudi na cheni saa kumi kasoro robo, ameshika na soda tatu za kuomba msamaha. Nilipoinuka akachukua koti, akatoa pakiti. Ilikuwa bapa kama chapati.

"Sista," akasema, "fegi zangu umezifanya nini?"

Nikamwambia nimezikalia. Akanitazama, akamtazama Babu, akaitupa pakiti kwenye majani. Akasema basi leo tumeacha wote, na akawa mkali kwa cheni yake mpaka ikakaa.

Pugu mpaka Chanika

Kwenye kilima tulishuka tukasukuma. Upande wa pili mvua ndogo ikaanza. Braza Kassimu, mtu mwema, akavua koti lake akamvika Babu kanzu isilowe, maana ndiyo kanzu ya arobaini. Mie nikashukuru sana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Tulikuwa tumekaa na lile koti siku nzima, pua zimeshalizoea.

Chanika

Nyumba ya mama mdogo bado haijapigwa plasta, iko katikati ya mashamba ya mihogo. Tulivyofika wakatoka wanawake kutupokea, shikamoo babu, marahaba, poleni na safari, kitanda kikashushwa, kila mtu anakipapasa. Babu akavua koti akamrudishia mwenyewe, akanyoosha kanzu, akaenda mlangoni.

Mama mdogo alikuwa amesimama ndani, mtoto mkononi. Akapiga hatua mbili kumkaribia baba yake, uso wote unacheka. Kisha akasimama. Nikaona pua yake. Akarudi nyuma, akamgeuza mtoto upande wa ukuta.

"Baba," akasema. "Umevuta."

Mbavu za Babu nilikuwa nimeziona zinapanda na kushuka kule Pugu. Nilisubiri ajitetee, aseme ni koti, agombe, apige kelele kama ningekuwa mie. Alijinusa begani, akaelewa. Akamtazama mwanawe kwa huruma, maana mama mdogo alishaanza kulia, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Umefanya vizuri kumgeuza. Nipeni maji nikaoge."

Akageuka kwenda uani. Watu wakaanza kunong'ona, baba mkwe wa mama mdogo akakohoa. Nami nilikuwa nimesimama kati ya wanawake kumi hivi nisiowajua, na nyie mnanijua nilivyo.

"Mama mdogo," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, wote wakageuka. "Hajavuta. Nilikuwa naye tangu saa moja. Sikumwacha hata dakika. Ni koti la dereva, alivikwa kwa sababu ya mvua."

Nikamaliza nikaangalia sakafu. Nilisikia bibi mmoja anauliza huyu ni mtoto wa nani, na mama mdogo anamjibu, huku anavuta makamasi, kwamba huyu ni Sikudhani, na yeye hajapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo, kwa hiyo ni kweli.

Babu alirudi ameoga kwa sabuni mara tatu, amevaa shati la mkwewe linalombana. Mama mdogo akamshika mikono, akanusa vidole kimoja kimoja, akanusa ndevu, akanusa mdomo. Akasema mdomo unanuka pilau. Akamweka mtoto mikononi mwake. Kadogo, kama mkate wa kumimina uliofungwa kitambaa. Babu hakupumua mpaka mtoto alipopumua kwanza, nilimwona.

"Kesho utamtoa wewe," mama mdogo akasema.

Asubuhi yake

Niliamka kabla ya watu, kumekucha kidogo, godoro la Babu pale sebuleni tupu. Nikatoka nje miguu peku. Uani hayupo. Chooni hayupo. Kandambili zake hazipo, nikajilaumu kwa kulala.

Kisha nikaona pipa la maji limejaa mpaka juu. Jana jioni lilikuwa tupu, mama mdogo alilalamika. Pembeni yake ndoo zote zimejaa, masufuria ya pilau yamejaa, beseni la kumwogeshea mtoto limejaa, hata jagi. Nikasikia nyayo kwenye njia ya kisimani, Babu anatoka kwenye mihogo na ndoo mbili, suruali imelowa magotini, macho mekundu.

Nikamwamkia. Akaitikia, akatafuta cha kumiminia, hakukiona. Akasema asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na kwenda kisimani na kurudi ndiyo urefu kamili wa hamu moja, amepima. Alikuwa amekwenda mara tisa.

Nikamimina ndoo moja kwenye mchicha wa mama mdogo na ya pili kwenye migomba. Nikachukua moja, nikamwachia moja, nikatangulia njiani. Tulikwenda na kurudi mara nne, mpaka tukasikia wanatuita kwamba mtoto ameshavalishwa.